Wanamtaka mwanangu kwenye utafiti wa chanjo, je tunafanywa panya wa majaribio?

Swali: "Shikamoo daktari. Nipo kijijini huku wilaya ya Muheza, nina mtoto wa miezi saba. Wiki iliyopita walikuja watu wa utafiti wakiwa na mhudumu wetu wa afya, wanasema wanajaribu chanjo mpya ya malaria na wanaomba mwanangu awemo. Watakuwa wanamtoa damu mara kwa mara, nauli wanarudisha, akiumwa anatibiwa bure. Mama mkwe kakataa katakata, anasema hao ni mumiani wa siku hizi, wanatujaribia dawa kama panya. Mume wangu anasema tukubali kwa ajili ya matibabu ya bure. Mimi nipo katikati hapa. Nimeachiwa fomu ya kurasa tisa, Jumatatu wanarudi. Nifanye nini?"

Marahaba mwanangu. Kabla ya yote naomba mama mkwe wako usimcheke wala usimwone mshamba. Mimi nimefanya kazi za utafiti tangu ujana wangu, baadaye nikakaa miaka mingi kwenye kamati ya maadili, kazi yetu kusoma maombi ya watafiti na kuyarudisha yakiwa hayajakaa sawa, na nakwambia kabisa hofu ya huyo mama naiheshimu kuliko haraka ya mume wako. Sisemi ukatae. Nasema hofu hiyo haikuzuka hewani, na ukijua ilipotoka utajua na maswali ya kuwauliza hao watu Jumatatu.

Nikupe kisa changu. Nikiwa kijana niliajiriwa kwenye utafiti wa matende na mabusha, pwani huko huko mkoa wa Tanga. Sasa vijidudu vya matende vina tabia yao, mchana vinajificha ndani ya mwili, usiku mkubwa ndo vinatoka kwenye damu ya juu juu, kwa hiyo ukitaka kuviona lazima uchome watu vidole kuanzia saa nne usiku mpaka saa nane. Basi tukaingia kijijini usiku na gari, tochi, makoti meupe, masanduku ya vioo vya maabara. Unafikiri nini kilitokea? Zikapigwa kelele za mumiani, akina mama wakabeba watoto wakakimbilia kwenye mikorosho. Akabaki mzee mmoja tu barazani kwake, panga kaliweka chini ya kigoda, akaniuliza "Kijana, damu ya mchana ina kasoro gani mpaka muifuate usiku?" Nikamweleza kama nilivyokueleza wewe. Akanyamaza, akasema "Sasa hili mlishindwa kuja kutuambia jana mchana?" Sikuwa na jibu. Mkubwa wetu alikuwa ameongea na mwenyekiti wa kijiji peke yake akaona imetosha. Kile kidole cha yule mzee, ambacho mwishowe alikitoa mwenyewe tumchome, mpaka leo nakikumbuka kuliko vyeti vyangu vyote.

Na hapo Muheza mpo karibu na historia nyingine kubwa zaidi. Mnaiona milima ya Amani hapo juu? Mwaka 1906 alipita hapo Robert Koch, yule Mjerumani aliyegundua vijidudu vya TB na kupewa tuzo ya Nobel mwaka 1905. Alikuja kwa ajili ya ugonjwa wa malale, maana wakati ule kandokando ya Ziwa Victoria watu walikuwa wanakufa kwa malaki. Kutoka huku akaenda Mwanza, halafu akaweka kambi visiwa vya Ssese upande wa Uganda, wagonjwa wakamiminika kwa mamia, na yeye akawachoma dawa inaitwa atoksili ambayo ndani yake ina aseniki, yaani sumu. Alianza na nusu gramu. Alipoona vijidudu vinarudi kwenye damu akapandisha dozi hadi gramu nzima. Watu wakaanza kulalamika maumivu makali, kizunguzungu, kuna waliokimbia kambi, na zaidi ya 20 wakapofuka macho moja kwa moja. Nitakuwa mkweli, malale bila dawa ilikuwa inaua kwa hakika, na Koch hakuja kwa nia ya kuua mtu. Lakini jiulize, wangapi kati ya wale waliambiwa kwamba dozi inapandishwa ili ionekane itakuwaje? Kule Ujerumani daktari asingeweza kuwapandishia wagonjwa sumu namna ile kirahisi hivyo. Huku aliweza, kwa sababu hakuna aliyeweza kumwambia hapana. Baada yake kambi za malale zilifunguliwa na upande wetu wa utawala wa Wajerumani na atoksili ikaendelea kuchomwa. Kwa hiyo bibi wa bibi aliyesema wazungu wanachukua damu na kujaribu dawa, kuna kitu alikiona kwa macho yake, na neno mumiani ndo lilikuwa karibu mdomoni.

Sasa nije kwa mume wako na hayo matibabu ya bure, maana hapa ndo pananiuma kuliko pengine pote.

Mwaka 1932 idara ya afya ya umma ya serikali ya Marekani ilikwenda jimbo la Alabama, sehemu inaitwa Tuskegee, ikachukua wanaume weusi 600, wengi wakulima maskini wanaolima mashamba ya wengine kwa kugawana mavuno. 399 walikuwa na kaswende, 201 hawana. Hawakuambiwa wana kaswende. Waliambiwa wana "damu mbaya", ndo lugha ya kule, neno lenye kubeba kila kitu kuanzia uchovu mpaka upungufu wa damu, na kwamba serikali itawatibu bure. Kilichotafutwa ni kuona kaswende isiyotibiwa inamlaje mtu mweusi mpaka anaingia kaburini. Siku ya kupimwa wanafuatwa na gari, wanapewa chakula cha moto, wanapewa vidonge visivyotibu kaswende. Walipotaka kuwatoa maji ya uti wa mgongo, kitu chenye maumivu na hakina tiba yoyote ndani yake, waliwaandikia barua kwamba hii ni nafasi ya mwisho ya matibabu maalumu ya bure. Wakaahidiwa na dola 50 za mazishi, kwa masharti kwamba mwili ukishakufa upasuliwe kwanza.

Halafu ikaja penisilini. Miaka ya arobaini katikati ilishajulikana kwamba inaponya kaswende, dunia nzima ikaanza kuitumia. Wale wanaume hawakupewa. Tena wakati wa vita wengine walipoitwa jeshini na kupimwa, watafiti waliomba wasiingizwe kwenye matibabu ili utafiti usiharibike. Ikaendelea hivyo miaka 40. Arobaini mwanangu! Wake zao wakaambukizwa, watoto wakazaliwa na kaswende. Kijana mmoja mfanyakazi wa idara hiyo hiyo, Peter Buxtun, alianza kulalamika kwa maandishi mwaka 1966 wakampuuza, mpaka alipompa mwandishi wa habari faili, gazeti likatoka Julai 1972 ndo ikasimamishwa. Rais Clinton akaomba radhi mwaka 1997, wakati huo waliobaki hai walikuwa wanane tu, vizee.

Kuna kitu ndani ya kisa hicho watu wengi wanakiruka. Aliyekuwa anawafuata wale wanaume majumbani, anawapakia garini, anawajulia hali, anahudhuria misiba yao, alikuwa nesi mweusi mwenzao, Eunice Rivers, na walimwamini sana. Sidhani kama alikuwa mtu mbaya. Ila nakwambia kwa sababu umeandika watafiti walikuja na mhudumu wenu wa afya. Mhudumu wenu inawezekana ni mtu mwema kabisa, lakini wema wake haujibu hata swali moja kati ya yale unayotakiwa kuuliza, na inawezekana na yeye hajaelezwa yote.

Na wala usidhani ni mambo ya zamani tu. Mwaka 1996 mji wa Kano, Nigeria, ulikumbwa na homa ya uti wa mgongo, watoto wanakufa hospitali imejaa. Kampuni ya Pfizer ikaja na dawa yake mpya ya Trovan, ikachukua watoto 200, nusu wakapewa Trovan, nusu wakapewa dawa iliyozoeleka. Watoto 11 walikufa, wengine wakabaki na ulemavu. Kampuni ilisema ni ugonjwa ndo uliwaua siyo dawa, na kweli vifo vilitokea kwenye makundi yote mawili. Lakini wazazi walisema hawakuambiwa kwamba ni majaribio, walidhani wanapata tiba, na pale pale kwenye hospitali hiyo hiyo shirika la Madaktari Wasio na Mipaka walikuwa wanatibu bure kwa dawa inayojulikana. Kesi zikavutana miaka mingi, mwaka 2009 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 75. Ila gharama yenyewe haikuishia hapo. Mwaka 2003 kampeni ya chanjo ya polio ilipofika Kano watu waliikataa, ikasimama miezi kadhaa, polio ikalipuka na kuvuka mipaka mpaka nchi ambazo zilishaisahau. Chanjo ya polio haikuwa na kosa lolote. Watoto waliopooza walilipia deni la uongo wa watu wengine.

Utaniuliza, sasa sheria ziko wapi? Zipo. Baada ya vita ya pili madaktari wa Hitler walishtakiwa mjini Nuremberg kwa mambo waliyowafanyia wafungwa makambini, kuwagandisha kwenye maji ya barafu, kuwaambukiza malaria makusudi, na hukumu ya Agosti 1947 ikaacha kanuni kumi, ya kwanza kabisa ikisema mtu lazima akubali kwa hiari yake bila kulazimishwa wala kudanganywa. Mwaka 1964 madaktari wa dunia wakatoa azimio lao la Helsinki. Angalia miaka vizuri lakini, Tuskegee iliendelea miaka 25 BAADA ya Nuremberg, na kati ya 1946 na 1948 Wamarekani walikuwa Guatemala wanawaambukiza wafungwa na wagonjwa wa akili kaswende na kisonono makusudi, wakati kesi ya Nuremberg ikiendelea. Kwa hiyo mtu akikwambia "usijali kuna sheria", sheria ipo ndiyo, na anayeifanya iwe hai ni mtu anayeuliza.

Kwetu hapa utafiti wa namna hiyo lazima uwe na kibali cha kamati ya taifa ya maadili iliyo chini ya NIMR, ile taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na kwa kuwa ni chanjo inayojaribiwa lazima na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, nao waruhusu. Vibali hivyo vina namba na tarehe, vinakwisha muda na kuhuishwa. Jumatatu waombe wakuonyeshe, na ukiona mtu ananuna kwa kuombwa kibali basi kataa tu hata kurasa nyingine usisome. Watafiti wa kweli huwa wanafurahi, nilishaona wanatoa nakala wenyewe.

Halafu waulize hivi: chanjo hii ipo awamu ya ngapi, yaani hatua ya ngapi ya majaribio, na imeshachomwa kwa watu wangapi kabla ya mwanangu, na kati yao watoto wa umri wake ni wangapi? Hili ndo swali langu la kwanza siku zote kwenye kamati. Sababu yake nikupe mfano wa London, Machi 2006. Vijana wanane wenye afya zao walijitolea kwenye jaribio la kwanza la dawa inaitwa TGN1412, kila mmoja alipwe pauni 2,000. Fomu walisoma, Kiingereza wanakijua, wakasaini wenyewe. Wawili walipewa maji matupu yasiyo na dawa, sita wakapewa dawa, dozi ndogo mara 500 kuliko ile waliyopewa wanyama bila shida. Na walichomwa kwa kufuatana dakika chache chache tu. Ndani ya saa moja na nusu wa kwanza akaanza kutetemeka, kichwa, mgongo, kutapika, na wakati wanahangaika naye wengine wote walishachomwa tayari. Sita wote wakaishia chumba cha wagonjwa mahututi, viungo vya ndani vinagoma, nyuso zimevimba. Walipona, mmoja akapoteza vidole. Siku hizi dawa ya mara ya kwanza anachomwa mtu mmoja, wanasubiri, ndo anafuata mwingine. Unaona basi, ridhaa peke yake haitoshi, unaweza kukubali kwa akili zako zote na bado waliopanga kazi wakawa wamepanga vibaya. Ndo maana kuna kamati, na ndo maana watoto wachanga hawaruhusiwi kuwa wa kwanza, lazima watangulie watu wazima, halafu watoto wakubwa, ndo ifike kwa wa umri wa wako.

Swali jingine, asiyepata chanjo anapata nini? Kwa kawaida watoto wanagawanywa kwa bahati nasibu makundi mawili, wewe hujui wako yupo lipi na hata nesi hajui. Kwenye ile chanjo ya kwanza ya malaria, RTS,S, ambayo ilijaribiwa na hapa kwetu Bagamoyo na Korogwe na kwa jirani zetu Kilifi, jumla watoto zaidi ya 15,000 kwenye nchi saba za Afrika, wale wa kundi la pili wenye umri kama wa mwanao walichomwa chanjo ya kichaa cha mbwa badala yake. Nalipenda hilo, maana hakuna mtoto aliyetobolewa bure bila kuondoka na kitu. Tofauti na ugomvi wa miaka ya tisini wa dawa za kuzuia mama asimwambukize mtoto Ukimwi. Mwaka 1994 ilishathibitika kwamba dawa ya AZT inapunguza maambukizi kutoka asilimia 25 hadi 8, Marekani wakaanza kuwapa mama zao, halafu huku Afrika, Dar es Salaam ikiwemo, yakafanyika majaribio ya dozi fupi ambapo kundi moja la kina mama lilipewa vidonge vitupu visivyo na dawa. Waliotetea walisema AZT ya Kimarekani ni ghali huku haiwezekani, kwa hiyo lazima tujue kama dozi fupi ni bora kuliko kutopata kitu. Nawaelewa. Lakini nikifikiria wale watoto walioambukizwa kwenye lile kundi la vidonge vitupu, mimi siridhiki mpaka leo, na nikiwa kwenye kamati kila ombi lenye kidonge kitupu nililisoma mara mbili.

Kuhusu RTS,S nimalizie, kwa sababu inaonyesha utafiti mzuri unavyokuwa na mashaka yake. Matokeo yalikuwa ya wastani, kwa watoto waliopata dozi zote nne ilipunguza malaria kwa kama theluthi moja hivi kwa miaka minne. Lakini zilionekana dalili za kutia wasiwasi, homa ya uti wa mgongo ilionekana zaidi kwa waliochanjwa. Hawakuficha, waliandika, na kuanzia 2019 ikapelekwa kwa majaribio makubwa Kenya, Ghana na Malawi kuangalia hilo hilo. Wataalamu wengine walilalamika kwamba kina mama wa huko hawakuambiwa vya kutosha kwamba bado kuna jambo linachunguzwa, na mimi nipo upande wao katika hilo. Bahati nzuri hofu ile haikuthibitika, na Oktoba 2021 WHO ikaipitisha chanjo. Watoto wanaopona leo wanapona kwa sababu kuna kina mama kama wewe, hapo hapo Korogwe kwa majirani zenu, walikubali. Hilo nalo mwambie mama mkwe.

Sasa hayo matibabu ya bure. Waulize mbele ya mume wako: nikikataa, au nikikubali halafu mwezi wa tatu nikajitoa, mwanangu atakosa nini zahanati? Jibu sahihi ni kwamba hakosi chochote anachostahili kama mtoto yeyote. Waulize akidhurika na chanjo yenyewe nani analipa, bima ipo? Inakwisha lini, maana madhara mengine hujitokeza utafiti ukiwa umeshaisha. Waulize damu wanatoa kiasi gani kila mara, wakuonyeshe hicho kichupa kwa macho, kwa mtoto mchanga ni vijiko vya chai siyo vikombe, na inabaki nchini au inasafirishwa nje, na ikibaki itatumika kwa kitu kingine? Kwenye fomu huwa kuna sehemu ya kukubali au kukataa damu kuhifadhiwa, unaweza kukubali utafiti na hilo ukalikataa.

Hiyo fomu kurasa tisa usiisome peke yako usiku ukachoka. Kaeni wote watatu, mume asome kwa sauti, mama mkwe asikilize, kila mahali hamjaelewa mpige alama ya kalamu. Jumatatu wakija usianze na maswali, anza na kuwaambia wewe ulichoelewa kwa maneno yako, wao wakusahihishe. Niliwahi kumwambia mama mmoja afanye hivyo, kidole gumba kimeshapakwa wino tayari, akasema "mmesema mtamponya mwanangu pumu." Utafiti ulikuwa hauhusiani na kuponya pumu hata kidogo. Tukafuta kidole kwa pamba, tukaanza upya kuanzia ukurasa wa kwanza, na alipoelewa akakataa, akaenda zake na mtoto mgongoni, na ile siku mimi naihesabu kwenye siku nilizofanya kazi yangu sawasawa.

Mama mkwe awepo Jumatatu, na yeye ndo aulize swali la damu maana ndo linalomkera. Ukurasa wa mwisho wa fomu unatakiwa kuwa na namba ya simu ya kamati ya maadili, siyo ya watafiti. Ipige kesho, kabla hawajarudi, uone kama inapokelewa.